Ghala la Taifa na Bakuli la Mtoto

Kila msimu wa mavuno unapowadia, macho ya Taifa huelekezwa Nyanda za Juu za Kusini, na Mkoa wa Rukwa haukosi kutajwa miongoni mwa mikoa inayolilisha Taifa. Sifa hiyo si ya bure. Tangu mkoa huu ulipoundwa mwaka 1974, jasho la wakulima wa Ufipa limekuwa likijaza maghala: kwanza yale ya Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wengi walilijua kwa herufi zake za NMC, na leo yale ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao una kanda yake pale pale Sumbawanga. Mahindi ya Kate, ya Chala na ya Namanyere hupita barabara ya lami kuelekea Tunduma na huliwa na watu ambao hawajapata kuuona uwanda wa Ufipa.

Iko takwimu nyingine, nayo haisomwi kwa furaha katika vikao. Utafiti wa Taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015 na 2016 uliuweka Mkoa wa Rukwa mbele ya mikoa yote kwa udumavu: asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu kidogo, asilimia 49.8, wakati wastani wa Taifa zima ni asilimia 30. Majirani waliotutangulia katika orodha hiyo ya mwaka 2022 ni Iringa, asilimia 56.9, na Njombe, asilimia 50.4. Kwa lugha nyingine, mikoa mitatu iliyoongoza kwa watoto waliodumaa yote ni mikoa ya mahindi. Kama jambo hili lingetokea katika mikoa ya ukame tungelilaumu anga. Hapa anga halina kosa.

Ndiyo maana leo tunaiacha bei ya gunia, ambayo tumeisema mara nyingi na tutaisema tena, tunaingia uani, nyuma ya nyumba, mahali ambapo vikao vyetu havifiki.

Mtu atembeaye katika vijiji vya Ufipa mwezi wa Februari ataona mahindi yamepandwa hadi kwenye ukuta wa nyumba. Hapana nafasi ya mchicha, wala mgagani, wala kitalu cha vitunguu. Mwenye nyumba ukimwuliza atakuambia kwamba mahindi ni fedha, na hasemi uongo. Kwa miaka mingi sisi viongozi tumempima kwa magunia. Tulipotangaza Siasa ni Kilimo kule Iringa mwaka 1972, na tulipoingia katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona baada ya ukame wa 1973 na 1974, shabaha ilikuwa Taifa lisiagize nafaka kutoka ng'ambo. Shabaha ilikuwa sahihi. Mbegu bora, mbolea ya ruzuku na bei moja nchi nzima viliifanya Rukwa, ambayo iko mbali na kila soko, ikaweza kuuza mahindi sawasawa na mkoa ulio jirani na reli. Ila kipimo kilichobaki vichwani kikawa kimoja tu, na jungu la nyumbani halikuwa na safu yake katika kitabu cha taarifa.

Kabla ya hapo Mfipa alikuwa na maarifa yake, nayo yanastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu vijana wengi wanayaona ni mambo ya wazee. Ufipa ni nchi ya majani. Miti ni michache, na mkulima wa huko hakuwa na msitu wa kufyeka na kuchoma ili apate majivu ya kurutubisha shamba kama walivyofanya majirani zake wa nchi za miombo. Akabuni tuta la majani liitwalo ntumba. Mvua zikielekea mwisho, nyasi zikiwa bado mbichi, hulimwa pamoja na udongo wake na kukusanywa katika vichuguu vya mviringo, majani yakiwa ndani na udongo juu. Juu ya vichuguu hivyo hupandwa maharage, kunde au maboga, ambayo humalizia unyevu wa mwisho wa msimu. Huku majani ndani yanaoza. Mvua mpya zikianza, kuanzia Novemba, vichuguu huvunjwa, mboji husambazwa shambani, na ulezi hupandwa. Hapana kilichochomwa, hapana kilichonunuliwa. Wataalamu kutoka nchi za mbali wameandika kurasa nyingi juu ya mbinu hiyo. Sisi tunapoandaa semina ya mboji tunaanza kana kwamba hapa hapajawahi kuoza jani.

Plau ya ng'ombe na mfuko wa mbolea viliipunguza ntumba, kwani jembe la mkono ni kazi ngumu na mahindi yalikuwa na haraka. Ruzuku ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkulima aliachwa katikati: mbolea haishikiki bei, na maarifa ya zamani yameanza kusahaulika. Serikali imerudisha ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022 na 2023, na tunaipongeza kwa hilo. Hatumshauri mtu arudi kulima ekari tano kwa vichuguu. Tunachosema ni kwamba robo ya eka iliyo nyuma ya nyumba haihitaji plau wala mfuko wa mbolea, na ndiyo inayofaa kabisa kwa ntumba.

Tena iko faida ambayo haisemwi sana. Mboga za majani katika uwanda huu huwa tele kati ya Januari na Machi, wakati mvua ni nyingi na jua ni haba. Ukianika majani ya kunde mwezi wa Februari yataota ukungu kabla hayajakauka. Kuanzia Mei jua lipo la kutosha na hewa ni kavu, lakini mboga zimekwisha. Hapo ndipo mama anaporudi kwenye ugali na maharage, siku moja baada ya nyingine, hadi Novemba au Desemba. Vichuguu vilivyopandwa mwishoni mwa mvua hutoa majani mabichi ya maharage na ya maboga mwezi wa Aprili na Mei, yaani wakati ule ule jua linapoanza kufaa kwa kuanika. Kwa hiyo bustani ya kula na bustani ya kuanika si lazima ziwe moja. Ya kwanza hupandwa na mvua za mwanzo, ya pili hupandwa mvua zikiaga.

Kuanika nako kuna adabu yake. Tumeona mboga zilizotandazwa juani juu ya bati hadi zikawa rangi ya udongo, na mwenye nazo akajisifu kwamba zimekauka vizuri. Jua kali linaloyapiga majani moja kwa moja huua vitamini A, ambayo ndiyo mtoto anaihitaji kwa macho yake na kwa kupambana na maradhi. Majani yaoshwe, yatumbukizwe katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, yachujwe, kisha yatandazwe juu ya chekecheke au wavu kivulini, mahali penye upepo, yakiwa yamefunikwa kitambaa chepesi kuzuia inzi. Yakivunjika kwa vidole yamekauka. Yawekwe katika chombo kikavu chenye kufungwa vizuri, gizani. Yakija kupikwa, yaungwe kwa karanga zilizotwangwa au mafuta ya alizeti, kwani vitamini hiyo haiingii mwilini vema bila mafuta, na karanga na alizeti Ufipa tunalima wenyewe. Ndugu zetu wa Usukuma hukausha viazi vitamu vibichi wakavipata michembe, na wale wa Unyamwezi huvichemsha kwanza wakapata matobolwa. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, huweza kufanyiwa hivyo hivyo.

Kuhusu nafaka, wengi wetu tumefundishwa tangu utotoni kisa cha Nabii Yusuf na miaka saba ya neema ikifuatwa na miaka saba ya dhiki. Walioketi madrasani wanakijua, na waliosoma katika shule za misheni wanakijua pia. Katika masimulizi ya Kurani, Yusuf aliwaambia watu waiache nafaka katika masuke yake ila kidogo ya kula. Shauri hilo linaufaa mno ulezi wetu. Ulezi uliokaushwa vizuri hukaa ghalani miaka mingi bila kuguswa na wadudu, kwa sababu punje yake ni ndogo mno kwa mdudu kuishi ndani yake. Babu zetu waliufanya akiba ya njaa kwa sababu hiyo. Ila Yusuf hakusema juu ya mahindi, ambayo Misri ya siku zake haikuyajua. Mahindi yakiachwa katika magunzi, siku hizi ni karamu ya dumuzi.

Mdudu huyo, asili yake Amerika ya Kati, aligunduliwa katika nchi yetu sehemu za Tabora mwaka 1981, na wananchi wa huko walimpa jina la Scania, kama lori, kwa jinsi alivyobeba mzigo wa ghala zima. Hupenda hasa hindi lililo katika gunzi, kwani humpa mahali pa kujishikiza anapotoboa. Ushauri wa kupukuchua mapema, kukausha sawasawa na kuchanganya dawa ya unga ulienezwa katika miaka hiyo ya 1980. Leo iko njia nyingine isiyotaka dawa, nayo ni mfuko wa matabaka matatu usiopitisha hewa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliibuni kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kameruni katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Mdudu akifungiwa humo humaliza hewa yake mwenyewe akafa. Shida ya mfuko huo ni bei, na shida nyingine ni panya, ambaye akitoboa tundu moja tu kazi yote imeharibika. Wala usifungwe juu ya mahindi yenye unyevu. Mwaka 2016 mikoani Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi waliyolima wenyewe. Sumu hiyo haionekani kwa jicho kila mara, na moto wa jikoni hauiondoi.

Hapa tuseme neno juu ya moshi. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Tunauunga mkono bila kusita, kwa sababu mama anayepuliza kuni kila siku anavuta maradhi kifuani, na kuni Ufipa zinafuatwa mbali. Lakini dari la jiko la zamani lilikuwa pia ghala la mbegu. Masuke ya mbegu, maharage ya mbegu na vibuyu vya mbegu za maboga vilining'inizwa juu ya meko, na moshi uliwafukuza wadudu. Tukiuondoa moshi bila kusema mbegu zitakaa wapi, tutajikuta kila mwaka tunanunua mchicha kwa pakiti. Chupa kavu, majivu yaliyochekechwa na kizibo kinachobana vinatosha kabisa kwa mbegu za bustani. Kwa maharage ya akiba, wakulima wa sehemu za baridi wamezoea majani makavu ya utupa yaliyosagwa. Tahadhari ni kwamba utupa ni sumu ya samaki, usioshewe mtoni, na maharage yaliyowekwa nao yaoshwe vizuri kabla ya kupikwa. Vijarida vinavyoletwa kutoka nchi za joto husisitiza mwarobaini. Mwarobaini haupendi baridi ya Ufipa, na mwananchi aliyeambiwa atumie mti asio nao huona elimu yote haimhusu.

Jambo jingine liko ndani ya mtungi. Akina mama wa Ufipa ni mabingwa wa kimea cha ulezi, kwa sababu pombe haipatikani bila hicho. Sisi tusiokaribia mtungi huo hatuna la kusema juu ya pombe yenyewe, ila kimea tunakitetea. Uji wa mahindi uliokorogwa ukawa mzito humshinda mtoto mchanga, na ukiongezwa maji unakuwa maji matupu. Kijiko kidogo cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito unaopoa huulainisha pale pale, mtoto akanywa kilicho na nguvu ndani yake. Watafiti wa nchi yetu walilithibitisha hilo katika miaka ya 1980. Na ulezi wenyewe una madini ya kujenga mifupa zaidi ya mara kumi ya yale yaliyomo katika mahindi. Tumefanya ulezi kuwa nafaka ya watu wazima wa jioni, na mahindi yaliyokobolewa kuwa chakula cha watoto. Mpango huo umekaa kichwa chini.

Tusidanganyane kwamba mchicha peke yake utaondoa udumavu. Mtoto hudumaa tangu tumboni, na siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba hadi kutimiza miaka miwili, ndizo zinazoamua. Mama anayelima, anayebeba kuni na maji, na anayezaa bila kupumzika hawezi kumnyonyesha mtoto inavyotakiwa hata kama bustani yake imestawi. Kuhara kunakotokana na maji machafu na choo kibovu huondoa mwilini kile bustani ilichokiingiza. Kule Bangladesh, ambako shirika la Helen Keller limeeneza bustani za nyumbani kwa miaka mingi, familia zilikula mboga nyingi zaidi na za aina nyingi zaidi. Kubadilisha kimo cha watoto kumekuwa kazi ngumu zaidi. Hata mkoa wa Iringa, uliokuwa na mpango maarufu wa lishe kuanzia 1983 katika vijiji 168, watoto wakipimwa uzito kijijini na wazazi wakijadili matokeo, leo upo juu ya orodha tuliyoitaja. Mpango ule ulipunguza utapiamlo mkali kwa kiasi kikubwa. Kinachotupasa kukichunguza ni kwa nini kazi iliyoanza vizuri namna ile haikufika mwisho, na kwa maoni yetu jibu moja ni kwamba lishe iligeuka mradi, na mradi una tarehe ya kufungwa.

Siku hizi kila mkuu wa mkoa ametia sahihi mkataba wa lishe, na kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Iko pia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila baada ya miezi mitatu. Utaratibu upo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuuliza. Chama kina mabalozi wa mashina, na balozi anazijua nyumba zake moja moja. Anajua nani ana kadi na nani hajalipa ada. Hatuoni kwa nini asijue pia nyumba ipi ina bustani kiangazi na ipi haina, na ile isiyo nayo inakwama wapi.

Akiuliza atapata jibu ambalo halimo katika vijarida. Atajibiwa: mbuzi. Baada ya mavuno, mifugo Ufipa huachiwa huru ikajilishia mabua, na desturi hiyo ni ya zamani, ina faida kwa mwenye mifugo na hata kwa shamba linalopata samadi. Lakini bustani ya kiangazi haiwezi kuishi na mbuzi asiye na mchungaji. Mwanamke aliyebeba ndoo ya lita 20 asubuhi na jioni kumwagilia matuta manne ya sukuma wiki, kisha akaamka akakuta vishina, hatapanda tena mwaka unaofuata, hata akihudhuria semina kumi. Kujenga uzio wa miti katika nchi isiyo na miti ni gharama. Halmashauri za vijiji zinao uwezo wa kisheria wa kutunga sheria ndogo, na mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pa kuamua kama mbuzi wafungwe, au wachungwe kwa zamu, na mwenye kupuuza alipe fidia gani kwa nani. Uamuzi huo ni mgumu, kwa sababu wenye mifugo wengi mara nyingi ndio wenye sauti mkutanoni, na wenye bustani ni wanawake walioketi nyuma. Umoja wa Wanawake usikae kimya siku hiyo.

Maji nayo ni hesabu. Familia ya watu sita ikioga na kuosha vyombo humwaga kila siku maji yanayotosha bustani ya gunia mbili au tatu, yaani gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye mhimili wa mawe katikati wa kupitishia maji, na miche ikichomekwa ubavuni. Gunia halihitaji uzio mrefu na laweza kukaa kando ya mlango, mbuzi akafukuzwa na mtoto. Maji yenye sabuni nyingi yasitumike.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ilikuwa hatua ya busara, lakini uwanda wa juu uliona mara moja jinsi dagaa wa Kirando na Kipili wanavyoshikilia chakula cha watoto wake. Kitoweo kilipoadimika, nyumba iliyokuwa na mfuko wa majani makavu, kuku wawili wa mayai na karanga ilisogea, na nyumba yenye magunia thelathini ya mahindi ikala ugali.

Shule za msingi zina mashamba, na tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 hakuna anayehitaji kuelezwa sababu. Mengi ya mashamba hayo ni ya mahindi pia. Robo yake ikiwa bustani, na mavuno yakaingia katika sufuria ya shule badala ya kuuzwa kwa ajili ya matumizi ya ofisi, watoto watajifunza kuanika mboga kwa kuzila.

Mvua za Ufipa kwa kawaida hukoma Aprili. Vichuguu vya majani kwa ajili ya maharage na maboga ya kuanika havina budi kuwa tayari kabla hazijakoma, na mikutano ya vijiji itakayojadili suala la mbuzi haina budi kufanyika kabla mahindi hayajavunwa, kwani mwezi wa Juni mifugo itakuwa imekwisha kuachiwa.